Ulegevu wa Steringi: Miaka 200 ya Tatizo Linalohamishwa

Mtu akiingia gereji na pikapu yenye steringi iliyolegea, maelezo yake huwa yaleyale: "Nazungusha usukani, gari haisikii." Au: "Kwenye lami inatembea barabara nzima, kila saa nairekebisha." Fundi anaushika usukani kwa vidole viwili, anautikisa kushoto na kulia, halafu anatoa jibu kwa neno moja: plei. Yaani kuna nafasi ya bure. Usukani umeshazunguka, lakini matairi hayajapata habari.

Swali gumu linafuata hapo. Hiyo plei iko wapi? Kati ya mikono ya dereva na tairi kuna shafti, boksi ya steringi, mikono ya chuma, tairodi, bolijointi na beringi. Yoyote kati ya hivyo inaweza kuwa imechakaa, na mara nyingi vimechakaa vitatu au vinne kwa pamoja, kila kimoja kidogo tu.

Leo tunalijibu swali hilo kwa njia ya historia. Kila kiungio unachokiona chini ya pikapu kiliwekwa pale kutatua tatizo fulani la zamani, na kila kilipowekwa kilileta sehemu mpya ya kuchakaa. Kwa miaka 200 wahandisi hawajawahi kuuondoa ulegevu kabisa. Wameuhamisha. Ukijua ulikohamishiwa, unajua pa kuanza kutafuta.

Enzi za farasi: kiungio kimoja, hatari kubwa

Gari la farasi la zamani lilikuwa na ekseli ya mbele iliyonyooka, imeshikwa katikati kwa pini moja nene ya chuma. Farasi akikata kona, ekseli nzima inazunguka chini ya gari pamoja na magurudumu yake. Mfumo huu ni rahisi mno: kiungio ni kimoja, na kikilegea hakuna wa kujiuliza kimelegea kipi.

Lakini ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ekseli ikizunguka sana, magurudumu ya mbele yanaingia chini ya gari na kuacha kulishikilia vizuri kwa pembeni. Gari linabaki kama stuli ya miguu mitatu, na kupinduka ni rahisi. Pili, gurudumu moja likigonga jiwe, ekseli yote inageuka kuwa wenzo. Kama umbali kati ya magurudumu ni mita 1.5, kila pigo linasukuma kwa wenzo wa sentimita 75. Farasi wawili wanaweza kulizuia hilo. Mikono ya mtu haiwezi.

Mmoja wa waliolifikiria jambo hili ni daktari wa Uingereza, Erasmus Darwin, babu wa Charles Darwin tunayemsoma kwenye baiolojia. Alikuwa akiishi Lichfield na alisafiri sana kwa gari la farasi kuwatembelea wagonjwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1750 alikuwa na wazo: ekseli ibaki palepale, na kila gurudumu lizunguke kwenye pini yake, pembeni kabisa. Wazo lilikuwa sahihi ila halikugeuka biashara. Barabara nazo hazikumsubiri: mwaka 1768 alirushwa kutoka kwenye gari na kuvunjika pia ya goti.

Miaka 50 baadaye wazo hilohilo lilizaliwa upya Munich, Ujerumani, mikononi mwa mtengeneza magari ya farasi aliyeitwa Georg Lankensperger. Wakala wake London alikuwa Rudolph Ackermann, Mjerumani mwenye duka la picha na vitabu. Ackermann ndiye aliyesajili hataza ya Uingereza mwaka 1818, na ndiyo maana mpaka leo wahandisi wanasema "steringi ya Ackermann". Jina likabaki kwa aliyepeleka karatasi.

Kwa nini matairi mawili hayapindi sawa

Ngoja kwanza tufanye hesabu kidogo. Gari likikata kona, tairi la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje. Chukua pikapu yenye mita 3 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na mita 1.5 kati ya tairi la kushoto na la kulia. Ikikata kona ambayo katikati ya ekseli ya nyuma inachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 6, tairi la mbele la ndani linatakiwa lipinde digrii 30 hivi, na la nje digrii 24 tu. Yakipinda sawasawa, moja lazima liburuzwe, na hapo gari linakula tairi.

Ufumbuzi ni mikono midogo inayotoka kwenye kila gurudumu, imeinamishwa kidogo kuelekea ndani, na kuunganishwa kwa fimbo moja ndefu. Mwaka 1878 Mfaransa Charles Jeantaud aliiweka sawa jiometri hiyo: ukivuta mistari kupitia mikono hiyo, ikutane karibu na katikati ya ekseli ya nyuma. Ile fimbo ndefu ndiyo mafundi wetu wanaiita tairodi, na vichwa vyake ndiyo tairodi endi.

Sasa hesabu viungio. Gari la farasi lilikuwa na kimoja. Mfumo wa Ackermann una pini mbili za kuzungukia, ambazo mafundi wanaziita kingpini, na vichwa viwili vya tairodi. Kutoka kimoja tumefika vinne, na bado hatujaweka usukani. Hatari ya kupinduka imepungua sana. Ulegevu umepata nyumba nne.

Usukani na gia: boksi inazaliwa

Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilikuwa na magurudumu matatu. Lenye gurudumu moja mbele halihitaji hesabu ya Ackermann hata kidogo, na Benz alikuwa bado hajaridhika na namna yoyote ya kuongoza magurudumu mawili. Hataza yake ya steringi ya magurudumu mawili ilikuja mwaka 1893, na ndipo akaanza kuuza magari ya magurudumu manne.

Magari mengi ya wakati huo yaliongozwa kwa mpini, kama usukani wa mashua. Mpini hauna gia. Ukiusogeza digrii 10, magurudumu yanasogea karibu hivyohivyo. Kwa mwendo wa baiskeli haina shida, ila mwendo ukiongezeka, kila shimo linarudisha pigo moja kwa moja mkononi. Mwaka 1894, kwenye mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, Mfaransa Alfred Vacheron alitokea na gari la Panhard lenye usukani wa duara. Ndani ya miaka michache duara likaushinda mpini.

Faida kubwa ya duara ni kwamba unaweza kulizungusha zaidi ya mara moja. Hapo unaweka gia katikati: mikono ya dereva inazunguka sana, magurudumu yanapinda kidogo, na nguvu inaongezeka. Njia iliyopendwa ilikuwa gia yenye umbo la skrubu inayosukuma kipande cha gurudumu la meno. Skrubu ina tabia nzuri: wewe unaisukuma meno kirahisi, lakini meno yakitaka kuisukuma skrubu yanapata taabu. Pigo la barabarani linafia ndani ya boksi.

Kilichotolewa kama malipo ni msuguano. Meno yanaburuzana chuma kwa chuma, na hayaliki sawasawa. Gari linatumia muda mwingi zaidi likiwa limenyooka, kwa hiyo meno ya katikati ndiyo yanayoliwa, na yale ya kwenye kona yanabaki karibu kama mapya. Likumbuke hili, tutalihitaji mbele.

Dawa ya msuguano ilikuwa gololi. Badala ya meno kuburuzana na skrubu, weka nati yenye mfereji uliojaa gololi za chuma. Gololi zinabingirika, zikifika mwisho wa mfereji zinarudishwa mwanzo kwa kibomba, na safari inaanza tena. Boksi ya aina hii ilitengenezwa na kiwanda cha General Motors kule Saginaw, Michigan, na ikaingia kwenye Cadillac za mwaka 1940. Baadaye ikawa ndiyo boksi ya kawaida ya malori na pikapu duniani, zikiwemo Hilux za zamani na Land Cruiser za familia ya 70 zinazotafuna rafu rodi zetu mpaka leo.

Milimita 2.6

Kwa nini ulegevu mdogo chini unakuwa mkubwa mikononi? Kwa sababu gia inayozidisha nguvu yako inazidisha pia plei. Tuseme steringi ina uwiano wa 20 kwa 1: usukani ukizunguka digrii 20, magurudumu yanapinda digrii 1. Basi ulegevu wa digrii 1 kwenye magurudumu unaonekana kama digrii 20 kwenye usukani. Kwa usukani wenye kipenyo cha sentimita 38, hiyo ni sentimita 6.6 za kuzungusha hewa.

Na digrii 1 inatoka wapi? Kama mkono unaosukuma gurudumu una urefu wa sentimita 15, digrii 1 ni milimita 2.6 mwishoni mwa mkono huo. Zigawe kwa viungio vinne: kila kimoja kimechakaa milimita 0.65. Hakuna hata kimoja ambacho ukikitazama peke yake utasema "hiki ndicho kibovu". Ndiyo maana mtu anabadilisha tairodi endi moja, analipa, anaondoka, na steringi inabaki vilevile.

Upande wa hatari ni huu. Pikapu hiyohiyo ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, inasafiri mita 22 kila sekunde. Magurudumu ya mbele yakipinda digrii 1 bila dereva kutaka, kwa jiometri tupu gari litakuwa limehama zaidi ya mita 1 kwa pembeni ndani ya sekunde moja. Kunyumbuka kwa matairi kutapunguza kiasi, lakini upana wa barabara unaufahamu, na basi linalokuja mbele nalo lina upana wake.

Pikapu: ekseli nzito na ugonjwa wa kutetemeka

Mwaka 1925 Ford walianza kuuza Model T yenye boksi la mizigo nyuma, ikitoka kiwandani hivyo. Tangu hapo pikapu zimekuwa na desturi ya kung'ang'ania vitu vya zamani kwa sababu vinabeba mzigo: ekseli nzima ya mbele, springi za majani, boksi ya steringi.

Miaka hiyohiyo ya 1920 yalikuja matairi mapana yenye upepo mdogo, laini kuliko yale membamba ya mwanzo. Watu wakafurahia, kisha wakakutana na kituko kipya: kwenye mwendo fulani magurudumu ya mbele yanaanza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu, na hayaachi mpaka upunguze mwendo. Wamarekani wakakiita kwa jina la dansi ya kutikisa mabega iliyokuwa ikivuma wakati huo, shimmy. Ekseli nzima, tairi laini na viungio vilivyolegea vinafanya kazi kama bembea: kila msukumo mdogo ukija kwa wakati wake, mtikisiko unakua.

Baadaye ikaja dawa ya kupunguza mtikisiko: shokapu iliyolazwa pembeni, imefungwa kwenye fimbo za steringi. Land Cruiser zinayo. Shokapu hii inazima mtikisiko lakini haikazi chochote. Ukiweka mpya gari linatulia, ila mara nyingi umenyamazisha king'ora tu, viungio vilivyokuwa vinapiga kelele bado vinaliwa.

Njia nyingine ilikuwa kuivunja ekseli yenyewe. Mwaka 1934 General Motors waliingiza kwenye magari yao ya Marekani mfumo ambao kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake. Safari ikawa laini, lakini fimbo moja ndefu ya tairodi haikufaa tena, kwa sababu kushoto kunapanda wakati kulia kunashuka. Ikabidi ikatwe vipande: fimbo ya katikati, tairodi fupi mbili, mkono wa pitmani unaotoka kwenye boksi, na upande wa pili mkono wa aidla ambao kazi yake ni kuishikilia tu ile fimbo ya katikati. Mwaka 1952 Lincoln wakaacha kingpini na kuweka bolijointi. Hilux za zamani zenye mfumo huu zina tairodi endi nne, bolijointi nne, pamoja na pitmani, aidla na viungio vya fimbo ya katikati. Hesabu ile ya milimita 0.65 irudie hapo mwenyewe.

Pampu inayoficha

Francis Davis alikuwa mhandisi wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, Marekani, na alijua jinsi lori zito linavyomkaba dereva. Mwaka 1926 alionyesha gari lenye steringi inayosaidiwa na mafuta yenye mgandamizo. General Motors wakavutiwa, kisha mwaka 1934 wakajitoa kwa sababu ya gharama. Vita Kuu ya Pili ikaja, na mfumo ukatumika kwenye magari ya kivita. Mwaka 1951 Chrysler wakawa wa kwanza kuuza gari dogo lenye steringi ya haidroliki.

Sisi tunaiita steringi pawa na tunaipenda kwa sababu usukani unakuwa mwepesi. Lakini wepesi huo una gharama yake. Zamani kingpini ikikauka grisi, au boksi ikikazwa kupita kiasi, dereva alisikia mikononi siku hiyohiyo. Sasa pampu inasukuma kwa niaba yake, na ugonjwa unakomaa kimyakimya.

Raki: viungio vichache, vilivyojificha

Njia ya kurudi kwenye urahisi ilijulikana zamani: gia ndogo mwishoni mwa shafti inayosukuma fimbo yenye meno moja kwa moja. Ndiyo raki. Citroën waliiweka kwenye Traction Avant mwaka 1936, na Morris Minor ya Alec Issigonis ya mwaka 1948 ikaisambaza kwa watu wa kawaida. Pikapu zilichelewa, zikiogopa mapigo ya barabara. Hilux, iliyozaliwa mwaka 1968, ilihamia raki na toleo la mwaka 2004, lile tunaloliita Vigo.

Pitmani, aidla na fimbo ya katikati vikaondoka. Ila kila upande wa raki kuna kiungio cha ndani, rakendi, kilichofunikwa na buti ya mpira. Buti ikichanika, vumbi na maji vinaingia, na ubovu hauonekani mpaka uivue.

Tafuta kuanzia kwenye tairi

Sasa historia itusaidie. Ulegevu uko kwenye viungio vingi, umegawanyika, na vingine vimefichwa. Kwa hiyo utafutaji uwe wa mpangilio, kuanzia chini kwenda juu.

Kwanza upepo wa matairi na nati zake. Hakuna spana itakayorekebisha tairi lenye upepo nusu.

Pili, nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi imara (usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake), zuia matairi ya nyuma. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi. Ukibaki ni bolijointi au kingpini. Kisha shika kushoto na kulia: likicheza hivi na halichezi juu na chini, angalia tairodi endi au rakendi.

Tatu, rudisha gari chini, matairi yakanyage ardhi na yabebe uzito. Washa injini kama steringi ni pawa, hakikisha handibreki imefungwa, na mwenzako autikise usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Wewe ukiwa pembeni, fuata mnyororo wote kwa macho na kwa kiganja: kila kiungio, je, upande mmoja unasogea kabla ya mwingine? Angalia pia bolti zinazoshika boksi kwenye chesisi, maana boksi nzima ikisogea utadhani gia zimekwisha, na yunivasali jointi ya shafti kutoka kwenye usukani.

Boksi yenyewe ni ya mwisho, na hapa ndipo tunapoomba usomaji wa makini. Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Watu wengi wanaanza nayo: robo mzunguko, plei inapungua, mteja anafurahi. Lakini kumbuka meno ya katikati yanaliwa kuliko ya pembeni. Ukikaza mpaka katikati pabane, kwenye kona meno yasiyoliwa yatabana kupita kiasi. Gari linaingia kona na usukani haurudi wenyewe. Na kama plei ilikuwa kwenye tairodi endi, bado iko kule, inaendelea kuliwa. Tairodi endi ikichomoka, tairi moja linaenda linakotaka, na usukani wako hauna tena la kuliambia.

Ukiipata mbovu, ibadilishe. Unapoifungua, hesabu mizunguko ya nyuzi ili mpya ikae karibu na palepale, rudisha pini mpya ya kuzuia nati, na gari liende alainmenti kabla ya safari. Yenye nipo ya grisi ipewe grisi kwa ratiba. Skrubu ya boksi ipimwe tu baada ya viungio vyote kuwa vizima, kwa vipimo vya mtengenezaji.

Tangu siku za Darwin, kila aliyeongeza kiungio alikuwa anaokoa maisha ya mtu: asipinduke, asivunjwe mikono, asikabwe na lori lake. Deni la kila uokozi ni kiungio kimoja zaidi cha kukagua. Fundi mwenye subira anayelala chini ya pikapu kwa nusu saa kabla ya kugusa spana ndiye anayelilipa, na mteja anayemsubiri bila kumwambia "kaza tu hapo juu, nina haraka" anamsaidia kulipa.